Mbwa wako ana ugonjwa wa kurithi? Usikimbilie kumtoa kizazi, wala usijisahau

Jumamosi moja alfajiri, mtoto wa mwisho wa familia moja ya Bweri, mjini Musoma, alifungua geti kwenda dukani kununua sukari, akalifunga tena haraka. Nje walikuwa wamelala mbwa dume tisa. Baadhi aliwafahamu kuwa ni wa majirani. Wengine hakuwahi kuwaona mtaani, na mmoja alikuwa na kidonda kibichi sikioni.

“Mama, wamekuja kumposa Popi,” alisema.

Popi ni German Shepherd jike wa miezi tisa. Familia ilimnunua Bunda akiwa na wiki nane, baada ya wezi kuingia uani mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Asubuhi hiyo ilikuwa ya nne tangu aanze kuacha matone ya damu sakafuni. Alikuwa kwenye joto kwa mara ya kwanza.

Mama mwenye nyumba, mwalimu wa sekondari, hakutaka mjadala. Akampigia simu daktari wa mifugo. “Daktari, naomba uje leo umtoe kizazi. Sitaki kulea watoto wa mbwa, na sitaki mwanangu aumwe pale getini.”

Kwa mbwa wengi ombi hilo lingekuwa la kawaida. Kwa Popi kulikuwa na mambo matatu yaliyolifanya liwe gumu.

La kwanza lilitoka Bunda. Wiki mbili kabla, mtu aliyewauzia alimpigia baba wa familia kumweleza kwamba mama yake Popi, mwenye miaka mitano tu, hawezi tena kunyanyuka bila kusaidiwa. Picha ya eksirei ilionyesha nyonga zake zote mbili zimelegea na kulika. La pili lilitoka huko huko: ndugu mmoja wa uzao wa Popi alichomwa sindano ya ivamektini kutibu upele, akawa kama mlevi kwa siku mbili, anayumba na kutoa udenda, nusura afe.

La tatu lilikuwa Butiama. Babu wa watoto, anayefuga ng’ombe na mbuzi, alikwisha kuahidiwa watoto wawili wa Popi wa kulinda zizi.

“Mwalimu, leo simgusi”

Daktari alifika mchana bila vifaa vya upasuaji. Alimtazama Popi akitembea uani, akamwambia mtoto akimbie naye kidogo, kisha akakaa kwenye kigoda.

“Mwalimu, leo simgusi,” alisema. “Akiwa kwenye joto, mishipa ya damu ya kizazi inakuwa imejaa. Ukimpasua leo atavuja damu kuliko kawaida. Tunasubiri miezi miwili au mitatu baada ya joto kuisha, mwili utulie.”

Mama alilikubali hilo. Kilichomshangaza ni maneno yaliyofuata: kwamba hata baada ya miezi hiyo mitatu, huenda bado ikawa mapema.

Wengi wamezoea neno “kuhasi” kwa dume. Kwa jike watu husema “kufunga kizazi”, ingawa mara nyingi kinachofanyika si kufunga. Daktari hutoa ovari zote mbili na kizazi chenyewe, mbwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Zikiondoka ovari, zinaondoka pia homoni zake, na homoni hizo zina kazi nyingine mbali na uzazi.

Nyonga ya mbwa inafanana na mchi na kinu. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Kwa mbwa mwenye tatizo la kurithi, kinu hicho ni kifupi au mchi umelegea, na kila hatua inasugua mahali pasipotakiwa, hadi mfupa unalika na maumivu yanaanza. German Shepherd ni miongoni mwa aina zinazojulikana zaidi kwa tatizo hili. Halitokani na kinasaba kimoja. Linabebwa na vinasaba vingi kwa pamoja, na chakula, uzito na namna ya kukua huongeza au kupunguza ukali wake.

Mbwa mkubwa anapokua, homoni za uzazi husaidia kuiambia mifupa iache kurefuka. Zikiondolewa mapema, mifupa huendelea kurefuka kwa muda zaidi, na viungo kama goti na nyonga vinaweza kukaa vibaya. Kwa mbwa ambaye tayari amezaliwa na nyonga dhaifu, huo ni mzigo juu ya mzigo.

Takwimu zinasema nini

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za German Shepherd 1,170. Kati ya majike ambao hawakutolewa kizazi, asilimia 5 walipata tatizo moja au zaidi la viungo. Kati ya waliotolewa kizazi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, waliopata walikuwa asilimia 16. Tatizo lililojitokeza sana lilikuwa kukatika kwa kano ya goti. Kundi hilo hilo la waliotolewa mapema lilikuwa na asilimia 7 waliovujisha mkojo bila kujizuia, jambo ambalo halikuonekana kwa majike wasiotolewa.

Mwaka 2020 timu hiyo ilitoa mwongozo wa aina 35 za mbwa. Kwa German Shepherd, ushauri wao ni kusubiri hadi mbwa apite miaka miwili.

Mama aliuliza swali zuri: “Hao ni mbwa wa Wamarekani. Wa kwetu je?”

Daktari alikiri kwamba takwimu za hospitali moja ya California si sheria ya Musoma. Mbwa wale walikula tofauti na waliishi tofauti. Lakini mifupa ya German Shepherd hukua kwa utaratibu ule ule, Bweri au California, na kwa Popi kuna ushahidi wa karibu zaidi kuliko takwimu yoyote: mama yake hanyanyuki. Tena alipokimbia na mtoto, miguu yake ya nyuma ilirushwa kwa pamoja kama ya sungura. Peke yake hiyo si hukumu, ila ni dalili ya kufuatilia.

Kusubiri nako kuna bei

Hapo mtu angeweza kudhani jibu limepatikana: asiguswe kabisa. Daktari hakuishia hapo.

Mbwa jike asiyetolewa kizazi anaweza kupata usaha kwenye kizazi. Ugonjwa huu hutokea mara nyingi wiki mbili hadi nane baada ya joto, wakati mwenye mbwa ameshasahau. Mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana, anakataa chakula, anatapika, na pengine anatoa uchafu wenye harufu ukeni. Wakati mwingine hakuna uchafu unaotoka kwa sababu mlango wa kizazi umefunga, na hapo ndipo hatari inakuwa kubwa zaidi. Kumbukumbu za bima za mbwa nchini Sweden, ambako majike wengi hawatolewi kizazi, zilionyesha kwamba karibu robo yao walikuwa wameugua kabla ya kufika miaka 10. Tiba ya uhakika ni upasuaji wa dharura, na mgonjwa aliyedhoofika hupasuliwa kwa hatari kubwa kuliko mzima.

Upo pia uvimbe wa matiti. Kwa miaka mingi wamiliki waliambiwa kuwa kumtoa kizazi mbwa kabla ya joto la kwanza karibu kunaumaliza kabisa. Tafiti hizo zilipochambuliwa upya mwaka 2012, ushahidi ulionekana hafifu kuliko ilivyodhaniwa. Faida inaweza kuwepo, lakini haitoshi kuwa sababu pekee ya kukimbilia kisu.

Na kuna wale tisa pale getini. Madume wanaogombea jike hung’atana, na mtu anayepita katikati yao huumwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu. Mkoa wa Mara unalijua jambo hili vizuri, kwani watafiti na wataalamu wa mifugo wamekuwa wakichanja mbwa katika vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Serengeti tangu miaka ya 1990. Bunda ni miongoni mwa wilaya zinazopakana na hifadhi hiyo. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba. Watoto wa mbwa wasiotakiwa, wanaokua bila chanjo na kuzurura, si mzigo wa nyumba moja tu.

Kumtoa mbwa kizazi hakumkingi na kichaa. Kinachomkinga ni chanjo, na Popi alikuwa amechelewa ya kwake kwa miezi mitatu. Daktari alimchoma siku hiyo hiyo.

Sindano iliyomlevya ndugu yake

Baba wa familia alipoisimulia habari ya ndugu yake Popi na ivamektini, daktari alimsimamisha na kumtaka arudie polepole.

Baadhi ya mbwa huzaliwa na hitilafu katika kinasaba kinachoitwa MDR1. Kazi ya kinasaba hicho ni kama ya mlinzi wa mlango wa ubongo: dawa fulani zikijaribu kuingia, anazirudisha nje. Mlinzi akiwa na hitilafu, dawa zinaingia na kujikusanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, waliitambua hitilafu hii mwaka 2001 kwa mbwa aina ya Collie. Ipo pia kwa German Shepherd, na Marekani inakadiriwa kuwa kwa takriban mmoja kati ya 10.

Kwa familia ya Mara jambo hili si la vitabuni. Ivamektini iko kwenye maduka ya pembejeo, hutumiwa kwa ng’ombe, na mtu mwenye huruma anaweza kumchoma mbwa dozi ya kukisia. Orodha ya dawa zenye tatizo inahusu pia asepromazini na butofanoli, ambazo hutumika kumtuliza mbwa kabla ya upasuaji. Mbwa mwenye hitilafu hiyo anaweza kuzimia kwa muda mrefu kwa dozi ambayo mwenzake angeamka baada ya saa chache. Daktari mwenye taarifa hupunguza dozi au huchagua dawa nyingine.

Kuna kamba nyingine inayofunga mambo haya pamoja. Madume wa mtaani huweza kubeba uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kujamiiana, chembe za saratani zenyewe zikihama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Dawa inayotibu uvimbe huo vizuri, vinkristini, nayo imo kwenye orodha ya MDR1. Popi akipandwa na dume mmoja tu wa wale wa getini, anaweza kupata ugonjwa ambao dawa yake ya kawaida ni hatari kwake.

Kipimo kipo. Mate hufutwa ndani ya shavu na kupelekwa maabara za nje ya nchi. Familia isipomudu, daktari alisema, itamchukulia Popi kama mwenye hitilafu hadi ithibitishwe vinginevyo. Tahadhari hiyo haigharimu kitu, bali inahitaji kuandikwa kwenye kadi yake na kutajwa kwa kila atakayemtibu.

Safari ya Butiama

Kazi ngumu ilibaki kwa baba. Jumapili alikwenda Butiama kumweleza mzee wake kwamba ahadi ya watoto wa mbwa imeingia doa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mbwa wangu wako wapi? Fisi amechukua mbuzi wa pili mwezi huu.”

Alimweleza habari ya nyonga, akijiandaa kulaumiwa kwa kuleta mambo ya kizungu. Mzee alisikiliza, akauliza swali moja tu.

“Mama yake anatembeaje?”

“Hatembei, baba. Ananyanyuliwa.”

Mzee alinyamaza kidogo. “Dume la ng’ombe likiburuta mguu toka ndamani, mimi nalihasi kabla halijapanda. Nani asiyejua hilo? Sasa kwa nini mliniahidi watoto wa mbwa huyo?”

Kijana hakuwa na jibu. Mbwa alikuwa amenunuliwa kwa bei, ana masikio yaliyosimama, na kila mgeni aliulizia watoto wake. Bei ilikuwa imewasahaulisha kitu ambacho kila mfugaji wa Butiama anakijua.

Hapo ndipo sehemu moja ya uamuzi ilipofungwa. Popi hatazalishwa. Mbwa mwenye mzazi mgonjwa wa nyonga, ambaye mwenyewe ameanza kuonyesha dalili, akizaa watoto sita anaweza kuwa amezisambazia nyumba sita maumivu ambayo hayana tiba rahisi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze asiteseke, na utunzaji huo unaanza kabla mnyama hajazaliwa.

Mzee alichukua mtoto wa mbwa wa kienyeji kwa jirani. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba gharama za chanjo zitoke Musoma.

Walichokubaliana

Uamuzi wa familia haukuwa “ndiyo” wala “hapana”. Popi atatolewa kizazi akishapita miaka miwili, miezi miwili hadi mitatu baada ya joto lake la tatu, na picha ya eksirei ya nyonga ipigwe kwa nusu kaputi hiyo hiyo ili asilazwe mara mbili. Upasuaji ufanywe na daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na si mtu wa kuja na kisu uani.

Lakini muda wa kusubiri umewekewa masharti, na hili ndilo wengi hulisahau.

Joto huchukua takriban wiki tatu, na hurudi kila baada ya miezi sita hadi minane. Katika wiki hizo Popi analala ndani ya banda lenye mlango wa chuma na paa, kwa sababu dume huruka ukuta. Hatoki bila kamba na mtu mzima. Mtoto hatumwi dukani peke yake madume wakiwa getini.

Hatachomwa sindano ya homoni ya kuzuia mimba. Ni njia rahisi inayopendekezwa mara kwa mara mitaani, lakini huongeza hatari ya usaha kwenye kizazi na ya uvimbe wa matiti.

Uzito wake utapimwa kila mwezi. Katika utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto 48 wa mbwa aina ya Labrador, waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao walikuwa na matatizo machache ya nyonga, na waliishi karibu miaka miwili zaidi. Sufuria la ugali wa udaga na mabaki ya dagaa ambalo bibi humwagia Popi kwa mapenzi kila jioni limepunguzwa. Bibi amenuna, lakini amekubali.

Na mpango unabadilika mara moja kukitokea moja kati ya mambo haya: akipandwa, akionyesha dalili za usaha kwenye kizazi, au familia ikishindwa kumlinda. Daktari alilisema la mwisho bila kumung’unya maneno: kama geti lenu halifungi, mtoeni kizazi mapema, maana hatari ya mimba, saratani ya kuambukizwa na kuumwa kwa watu ni ya leo, na ya goti ni ya labda.

Mama hakuridhika moja kwa moja. “Wiki tatu, mara tatu, nani atakesha?” aliuliza. Ni swali la haki, kwa sababu katika nyumba nyingi anayekesha ni yeye. Wakagawana zamu kwa kuziandika kwenye kalenda ya jikoni, na safari hii jina la baba likaandikwa kwanza.

Kwa mbwa wako je?

Usiichukue hesabu ya Popi ukaibandika kwa kila mbwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2020 kuhusu mbwa wa mchanganyiko haukuona ongezeko la matatizo ya viungo kwa wale wenye uzito chini ya kilo 20, hata walipotolewa kizazi mapema. Mbwa wengi wa kienyeji wa Musoma, Bunda na Butiama wako kwenye uzito huo. Kwao, hasa wanaozurura, kusubiri miaka miwili kunaleta mimba tu.

Kabla ya kukubali au kukataa upasuaji, mwenye mbwa mkubwa wa aina maalumu anapaswa kumwuliza daktari mambo manne. Wazazi wake waliugua nini? Atakuwa na uzito gani akikua? Kuna ndugu yake aliyewahi kudhurika na dawa? Na nyumba yangu inaweza kweli kumfungia kila joto? Daktari anaweza kukusaidia kujibu matatu ya kwanza. La nne unalijua wewe.

Siku ya ishirini na mbili, mtoto wa Bweri alifungua tena geti kwenda dukani. Nje palikuwa na dume mmoja tu, yule mwenye kidonda sikioni, ambacho sasa kilikuwa kimekauka. Baba alimwuliza jirani mwenye mbwa huyo kama ana kadi ya chanjo. Hakuwa nayo. Jumatatu iliyofuata walikwenda pamoja kwa ofisa mifugo wa kata.